Mgongo wa Mtoto na Akili Yake

Kwa miaka mingi tuliwafundisha wanafunzi wetu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na hapa Visiwani tukaongeza kuwa karafuu ni uti wa mgongo wa uchumi wetu. Lugha yetu imeuzoea mgongo kuwa mhimili wa kila kitu. Mtoto hubebwa mgongoni kabla hajajua kutambaa, na mzee tunamkadiria umri kwa kuutazama mgongo wake. Kwa hivyo anapokuja mtu na maneno kwamba hata akili ya mtoto inategemea mgongo, na kwamba pingili moja ya shingo ikisogea kidogo tu ubongo wote hudumaa, maneno hayo hupata pahala pa kukaa vichwani mwetu kabla hatujayapima. Katika kurasa hizi nataka kuyapima, kwa sababu nimeona yanavyowagharimu wazee wa watoto, na yanavyowagharimu watoto wenyewe zaidi.

Fani inayoyaleta maneno hayo inaitwa kairopraktiki. Kwa mujibu wa simulizi ya mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, ilizaliwa tarehe 18 Septemba 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Palmer hakuwa daktari. Alipata kuwa mwalimu wa skuli, mfuga nyuki na muuza duka, kisha akawa mganga aliyedai kutibu kwa nguvu za sumaku zilizomo mikononi mwake. Siku hiyo alimtia mikono Harvey Lillard, msafishaji wa jengo alimokuwa akifanyia kazi, mtu aliyekuwa na uziwi wa miaka mingi. Palmer akasema aliisukuma pingili moja ya mgongo wa Lillard, na masikio yakafunguka. Juu ya kisa hicho akajenga nadharia nzima: kwamba maradhi 95 katika kila 100 hutokana na pingili zilizosogea, zikaibana mishipa ya fahamu na kuizuia nguvu fulani ya uhai ambayo mwanadamu huzaliwa nayo. Kusogea huko wafuasi wake hukuita sablaksesheni.

Tawi la nadharia hii linalohusu watoto husema hivi. Wakati wa kuzaliwa, shingo ya mtoto huvutwa na kupindwa. Pingili za juu husogea, na ubongo hukosa ujumbe unaopaswa kuufikia. Ndipo mtoto huchelewa kusema, hashiki herufi, hatulii darasani au hukojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Kwa hivyo kila mtoto mchanga afaa achunguzwe mgongo, na anyooshwe mara kwa mara, hata kama haumwi. Kazi hii imekwisha kufika Afrika. Afrika Kusini inafundishwa katika vyuo vikuu vya Johannesburg na Durban, na wapo wanaoifanya Nairobi na Dar es Salaam. Sisi wa Unguja hutufikia zaidi kwa njia ya jamaa zetu walioko ng'ambo, wanaotuletea kitabu au kipeperushi pamoja na nguo za Idi.

Haki itendeke kwanza. Siwasemi wote wanaofanya kazi hii kuwa ni matapeli. Mtu mzima aliyesumbuliwa na kiuno kwa miezi huweza kupata nafuu kwa kunyooshwa na mkono wa mjuzi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, liliitaja tiba ya namna hiyo kuwa miongoni mwa zinazoweza kutumika, kwa masharti. Hata miongoni mwa wenye fani yenyewe wamo waliokwisha kuitupa nadharia ya Palmer wakabaki na viuno na mabega. Lakini kiuno cha mpagazi wa bandarini na akili ya mtoto wa darasa la kwanza ni mambo mawili, na ushahidi wa la kwanza haulipii deni la la pili.

Tuanze na umbile la mwili wenyewe. Ndani ya tundu la pingili inapita kamba ya neva ambayo vitabu vyetu vya baiolojia huiita ugwe mgongo, na kutoka humo huchipuka jozi 31 za mishipa ya fahamu kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni. Lakini ziko jozi nyingine 12 zinazotoka kwenye ubongo wenyewe. Mshipa wa kuona na mshipa wa kusikia ni miongoni mwa hizo. Hii miwili haipiti katika pingili yoyote. Unaotoka sikioni huingia ubongoni humo humo ndani ya fuvu. Kwa hivyo kisa cha Lillard, ambacho ndicho jiwe la msingi la jengo zima, kimejengwa juu ya mshipa usiofika mgongoni kabisa.

Kuna hoja nyingine ambayo haihitaji kitabu. Hapa Unguja hakuna kijiji kisichomjua mtu aliyeanguka mnazini au mkarafuuni akavunjika mgongo au shingo. Mimi namjua mmoja. Miguu yake imekufa na mikono ni nusu. Wala si suala la pingili kusogea kidogo. Ugwe mgongo wenyewe umejeruhiwa. Lakini mzee huyo hukumbuka madeni ya wavuvi wote wa pwani yao bila ya daftari, na watoto humwendea kibarazani kusahihishiwa hesabu zao. Wenye nadharia watasema yeye alikwisha kukua alipoumia, na kwamba mtoto ubongo wake bado laini. Lakini wako watoto waliozaliwa na kasoro za mgongo, wasiohisi chochote toka kiunoni kwenda chini, na wengi wao husoma na kufaulu. Kama jeraha kamili haliizimi akili, vipi mbano mdogo usioonekana uweze kuizima?

Sasa niseme kwa nini jambo hili si la kubishana barazani tu. Mama mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa naye ni mwalimu, alinijia nyumbani Mji Mkongwe baada ya alasiri na kipeperushi mkononi. Mwanawe wa miaka saba alikuwa hajui kusoma, na maneno yake hayakunyooka. Kwa miaka miwili walimu walimwita mzito. Dada wa mama huyu aliyeko Uingereza alimsisitiza ampeleke mtoto Nairobi akanyooshwe shingo.

"Shikamoo Maalim," akasema. "Nimekwisha uza bangili mbili. Nataka kauli yako kabla sijakata tiketi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto anasikia?"

"Anasikia Maalim. Nikimwita huja."

"Humwita akiwa anakutazama, au amekupa mgongo?"

Akanyamaza. Tukamwita mtoto, nikamsimamisha dirishani akiitazama njia, na mama yake akasimama nyuma yake hatua nne akamtaja jina kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Akamtaja tena, hakugeuka. Nilipouliza juu ya masikio, mama akasema yalikuwa yakitoka usaha tangu mtoto ana miaka miwili, yakikauka na kurudi, na wazee walisema ataacha akikua. Daktari wa masikio alikuta ngoma zote mbili zimetoboka. Alitibiwa, akahamishiwa dawati la mbele, na mwalimu wake akaambiwa asiseme naye huku akiandika ubaoni. Sitasema kuwa sasa anaongoza darasa. Bado yuko nyuma, kwani miaka miwili ya kutosikia hairudi kwa wiki mbili za dawa. Lakini anasoma. Kama angepelekwa Nairobi, shingo yake ingenyooshwa mara kumi na masikio yangeendelea kuoza.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya nadharia hii, kuliko hata hofu ya mkono kuumiza shingo changa. Nadharia inayosema sababu ni moja huwafanya watu waache kutafuta sababu nyingine. Mtoto asiyeshika herufi huenda haoni ubao. Huenda hasikii. Huenda damu yake ni pungufu, huenda alichelewa kulia siku aliyozaliwa, au alipata malaria ya kichwa. Huenda pia ana akili timamu na amepata mwalimu mbaya, jambo ambalo sisi walimu hatupendi kulitaja. Kila moja kati ya haya lina namna yake ya kupimwa, na kila mwezi unaopotea ni mwezi wa mtoto.

Kwa nini basi wazazi huapa kwamba watoto wao walipona? Hawasemi uongo. Mtoto hukua. Aliyechelewa kusema akiwa na miaka miwili, aghalabu husema akifika mitatu. Anayekojoa kitandani, wengi wao huacha wenyewe. Lolote utakalolifanya katikati, uwe umemnyoosha, umemvisha hirizi au umempaka mafuta ya nazi, litaonekana ndilo lililoleta nafuu. Mkulima anayewika pamoja na jogoo naye angeweza kudai kwamba yeye ndiye anayelichomoza jua.

Katika kazi yangu ya kuwafunza walimu, somo moja nililolirudia kila mwaka lilikuwa la utungaji wa mitihani. Mtihani usioweza kumfelisha mtu si mtihani, na mwalimu asisahihishe karatasi yake mwenyewe. Utazame mtihani wa sablaksesheni. Anayeigundua ni yule yule atakayelipwa kuirekebisha. Mtoto akipata nafuu, tiba imefaulu. Asipopata, vikao havijatosha. Huu ni mtihani wenye alama ya kufaulu peke yake.

Ulipotungwa mtihani wa kweli, matokeo yalikuwa mengine. Mwaka 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza akipinga madai kwamba kairopraktiki hutibu pumu, maambukizi ya masikio na vilio vya watoto wachanga. Chama cha wenye fani hiyo kikamshitaki kwa kashfa, na mwaka 2010, baada ya Mahakama ya Rufaa kuamua kwa upande wa Singh juu ya maana ya maneno yake, chama kikaiondoa kesi. Mwaka huo huo baraza linalowasimamia watu wa kairopraktiki nchini humo lilitamka kwamba sablaksesheni ni dhana ya kihistoria isiyo na ushahidi wa kitabibu wa kuifanya iwe chanzo cha maradhi. Na mwaka 2019, jimbo la Victoria huko Australia lilitoa ripoti ya uchunguzi ulioanza baada ya watu kuona video ya mtoto wa wiki mbili akifanyiwa kazi hiyo. Ripoti ilikuwa ya insafu: ilisema madhara makubwa yaliyoripotiwa ni adimu, lakini ushahidi wa faida ni dhaifu mno. Ikapendekeza watoto walio chini ya miaka 12 wasinyooshwe mgongo kwa ajili ya matatizo ya ukuaji na tabia, usonji, pumu, masikio, kukojoa kitandani na mengineyo.

Msomaji asidhani kwamba mitihani ya namna hii hufanywa Ulaya na Australia tu. Mmoja wa mitihani mizuri juu ya ukuaji wa akili ya mtoto ulifanywa hapa hapa Visiwani, kwa ndugu zetu wa Pemba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Watoto wadogo, ambao wengi wao walikuwa na upungufu wa damu, waligawiwa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa dawa yenye madini ya chuma kwa miezi 12, na wengine walipewa maji yanayofanana nayo yasiyo na dawa. Mama hakujua mwanawe amepata ipi, wala mpimaji hakujua. Watoto waliopata madini ya chuma walitangulia katika lugha, na wale ambao damu yao ilikuwa pungufu zaidi walitangulia pia katika kutembea na kutumia viungo. Hiyo ni habari njema, na mtu mwenye haraka angeishia hapo.

Lakini hawakuishia hapo. Utafiti mkubwa zaidi ulifanywa kisiwani humo humo kwa maelfu ya watoto. Ulipofika mwaka 2003, sehemu yake inayohusu madini ya chuma ilisimamishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: watoto waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, bila ya kupimwa kwanza nani anayahitaji, walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kuugua sana au kufariki, kwani malaria wakati ule ilikuwa nyingi. Dawa ile ile iliyoinua lugha iliweza kudhuru ilipotolewa kwa kila mtoto. Hayo yaliwabadilisha wakubwa wa afya duniani namna ya kuitoa. Nauona utafiti ule kuwa ni heshima kwa Pemba. Ulikuwa mtihani ulioweza kufelisha, nao ukafelisha, na watu wakakubali.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa madini joto, ambayo yakikosekana mwilini mwa mama mja mzito ubongo wa mtoto hudhurika. Iliaminika kwa muda mrefu kwamba watu wa visiwani hawawezi kuyakosa kwa sababu wanakula samaki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ukaonesha kuwa upungufu upo Zanzibar, na Pemba zaidi. Kitu kilichoonekana dhahiri kwa akili ya kawaida kilikuwa si kweli, na dawa yake ni chumvi yenye madini joto iuzwayo dukani.

Na sasa nifike kwenye jambo linalonisikitisha kuliko yote. Mgongo na ubongo wa mtoto kweli vimefungamana, lakini pale ambapo kipeperushi hakikutaja. Tumboni mwa mama, ubongo na ugwe mgongo huanza vikiwa kitu kimoja, kama jani linalojikunja likawa bomba. Bomba hilo hufumba kabla ya kutimia siku kama 28 tangu mimba kutunga, wakati ambapo akina mama wengi hawajajua kuwa wamebeba. Lisipofumba upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hukusanya maji kichwani, kichwa kikakua kupita kiasi na ubongo ukasongwa. Mwaka 1991 utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionesha kwamba, kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo, kumeza asidi ya foliki kabla ya mimba na katika miezi ya mwanzo kulipunguza tatizo kwa asilimia 72. Ni kidonge kidogo cha bei nafuu, na jamaa ya kile kilichomo katika mchicha, kunde na maini.

Watoto wanaozaliwa hivyo huhitaji daktari wa upasuaji, tena upesi. Mwaka 2014, katika hospitali ya Mnazi Mmoja, lilifunguliwa jengo la upasuaji wa ubongo na mgongo kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, iliyoasisiwa na daktari José Piquer. Hapo mgongo hufungwa, na maji ya kichwani hutolewa kwa mpira mwembamba unaoyateremsha tumboni. Mzazi wa Makunduchi au Nungwi anayetaka kujua mgongo una nini na akili ya mtoto, jibu lake liko mwendo wa daladala. Anayemficha mtoto huyo ndani kwa aibu, au anayempeleka kunyooshwa, anampotezea wakati ambao ubongo wake hauna wa kupoteza.

Wala tusiwacheke wageni tukajisahau. Sisi nasi tulikuwa na sababu yetu moja ya kila kitu. Degedege tuliliita ndege wa usiku aliyempitia mtoto, tukamfukiza ubani wakati malaria inamla ubongo. Lakini nampa haki yake mkunga wetu wa jadi anayemkanda mtoto kwa mafuta ya nazi. Yeye husema mtoto atalala vizuri na viungo vitalainika, na hapo huishia. Hakudai kwamba viganja vyake vinaongeza akili, wala hakumwuzia mama vikao ishirini. Mkono mwepesi wenye mapenzi una kazi yake kwa mtoto, nayo inatosha.

Wapo watakaonijibu kwa methali, kwamba samaki mkunje angali mbichi. Naikubali, lakini wahenga waliisema kwa adabu na elimu. Hawakuwa wakisema juu ya pingili. Mzazi mwenye wasiwasi na mwanawe namshauri autie wasiwasi wake katika mpango. Masikio yapimwe, halafu macho, halafu damu. Akumbuke na aeleze siku ya kuzaliwa ilikwendaje. Aende skuli akae nyuma ya darasa asubuhi moja aone mwanawe anafundishwaje. Na kama baada ya yote hayo bado anataka kumpeleka kwa mtu wa kunyoosha migongo, basi kabla ya kutoa pesa amwulize kwa heshima swali hili: ni jambo gani likitokea, au lisipotokea, kwa mtoto huyu, na kwa muda gani, ndipo wewe utakiri kwamba kazi yako haikumfaa? Asipopata jibu, na aondoke na mtoto wake.